Mtoto Aliyerudi Kutoka Hospitali

Fundisho kwa wakatekumeno walio wazazi

I. Neno la mwisho nyumbani kwa Yairo

Mwinjili Marko, katika sura ya 5 ya Injili yake, asimulia habari za Yairo, mkubwa wa sinagogi, ambaye binti yake wa miaka 12 alikuwa katika hatari ya kufa. Baba yule alimwangukia Yezu miguuni, akamsihi sana aje kwake. Walipokuwa wangali njiani, ikaja habari ya kwamba mtoto amekwisha kufa. Yezu hakurudi nyuma. Alifika nyumbani, akawatoa nje waliokuwa wakilia kwa makelele, akabaki na baba na mama wa mtoto pamoja na wanafunzi watatu. Akamshika mtoto mkono, akamwamuru aamke. Papo hapo binti akasimama, akatembea.

Wakristu wengi huukumbuka muujiza huo, lakini husahau neno la mwisho la habari hiyo. Watu walipokuwa wameduwaa kwa mshangao, Bwana wetu aliwaagiza wampe mtoto chakula. Yeye aliyeweza kumrudishia uhai kwa neno moja, hakutaka kumshibisha kwa muujiza wa pili. Chakula kilikuwamo nyumbani, na wazazi walikuwa na mikono. Kazi ambayo baba na mama waliweza kuitenda wenyewe, Yezu aliwaachia waitende.

Basi, kila mzazi aliyempeleka mtoto wake hospitali na kumpata tena, na alishike neno hilo moyoni. Mungu anapomponya mtoto kwa mikono ya waganga na ya Masista, humrudisha kwa wazazi wake na kumkabidhi kwao mara ya pili. Nabii Eliya alifanya hivyo kwa mjane wa Sarepta. Yezu mwenyewe alifanya hivyo kwa mjane wa Naini, akampa mama kijana wake. Mtoto aliyetoka hospitali ni amana ya Mungu. Anayepokea amana ataulizwa juu yake.

II. Ugonjwa uitwao bwaki

Katika milima ya Kivu mama wote wanalijua jina la bwaki. Mtoto huvimba miguu, kisha mikono na uso. Nywele zake hupoteza weusi, zikawa nyepesi na za rangi ya kutu. Ngozi huchunika. Naye hukaa kimya, mwenye huzuni, hataki kucheza wala kula. Wageni wakiona mashavu yake yamejaa hudhani amenona, kumbe mwili umejaa maji ya ugonjwa.

Waganga wa ulimwengu huuita ugonjwa huo kwashiorkor. Jina hilo limetoka Ghana, katika lugha ya Waga. Cicely Williams, mganga mwanamke aliyefanya kazi huko, ndiye aliyelitia katika maandishi ya waganga mwaka 1935. Aliwauliza mama wa nchi ile, nao wakamweleza kwamba ndio ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Mama wale hawakuwa wamesoma shule, lakini waliona vema. Hapa Kongo vilevile, huko Lwiro, karibu na Bukavu, ambako kituo cha uchunguzi kilianzishwa mwaka 1947, waganga walishughulika na bwaki miaka mingi, wakiwapima watoto na kuwatunza.

Habari yenyewe huenda hivi. Mama achukuapo mimba mpya, mtoto wa kwanza huachishwa ziwa kwa ghafula. Tangu siku ile hupewa ugali wa muhogo na mchuzi kidogo. Muhogo hulijaza tumbo, wala haufai kudharauliwa, kwa maana umewaokoa wengi na njaa. Lakini hauna vya kutosha vile vinavyojenga mwili wa mtoto. Kisha huja kuhara, minyoo, malaria au surua, na mtoto aliyekwisha kudhoofika huanguka. Hakuna siri nyingine. Ni kama nyumba iliyojengwa kwa udongo bila miti: siku ya mvua kubwa haiwezi kusimama.

III. Usiku wa kurudi

Wafikiriwe baba na mama mmoja wa kijiji cha mlimani, wote wawili wakatekumeno wa mwaka wa pili. Mtoto wao wa tatu, mvulana wa mwaka mmoja na nusu, alilazwa kwa bwaki siku 24. Mama alikaa naye hospitali muda huo wote, akilala chini kando ya kitanda. Baba aliuza mbuzi wawili, akabaki na deni. Shamba lilimezwa na majani. Watoto wakubwa wawili walibaki kwa nyanya yao, mama mzaa baba.

Siku waliporudi, ukoo ulikusanyika jioni. Baada ya kumsalimu mama na kumtazama mtoto, baba mkubwa alisema:

— Mtoto amerudi, ni vema. Lakini aliyemfunga bado yuko. Twende kwa mfumu tumjue, kabla hajamaliza kazi yake.

Macho ya wengi yakamgeukia nyanya. Alikuwa mjane, mzee sana, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika. Tena watu walikumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimlisha mtoto wakati mama alipokwenda shambani. Aliketi karibu na mlango, wala hakuinua kichwa.

Baba alinyamaza kitambo. Alijua kwamba akikataa ataitwa mtu asiyewaheshimu wakubwa. Na akikubali, mama yake hatalala tena katika nyumba ile. Kisha akasimama, akasema kwa adabu:

— Baba mkubwa, mnisamehe. Huko hospitali walimpa mtoto maziwa kidogo kidogo, usiku na mchana, halafu chakula. Hawakumfukuza mlozi yeyote, na uvimbe umekwisha. Hakuna mtu aliyemla mtoto huyu. Mtoto ndiye hakula. Sote tulikuwa tukila mbele yake, naye tukampa muhogo mtupu. Nikienda kwa mfumu nitamlipa franga za kununulia maharage, nami nitarudi na jina la mtu badala ya chakula.

Hakuna aliyemshangilia. Baba mkubwa alinung'unika, akaondoka bila kuaga, na wengine wakamfuata. Mama wa mtoto akainuka, akamweka mtoto mapajani mwa nyanya, akamwambia:

— Mama, walinifundisha namna ya kupika uji wake. Kesho nitakuonyesha, maana nikiwa shambani wewe ndiwe utakayempa.

Yule mzee akamshika mtoto kwa mikono miwili, akalia.

Katika usiku ule mmoja jamaa hii ilizishika amri nyingi za Mungu. Waliishika amri ya kwanza, kwa kuwa hawakutafuta ukweli katika ramli. Waliishika amri ya nne, kwa kuwa mtoto hakumwacha mama yake mzaa katika aibu. Na kumheshimu mkubwa hakutaki kumfuata katika uovu. Waliishika amri ya tano, kwa kuwa tuhuma ya ulozi imewaletea wajane wengi kufukuzwa, kupigwa, hata kuuawa. Waliishika amri ya nane, kwa kuwa kumsingizia mtu ulozi bila ushuhuda ni uwongo juu ya jirani.

Mara nyingine huyo anayeshtakiwa si mzee, bali ni mtoto mwenyewe au ndugu yake. Hapo pia mkatekumeno asikubali. Hata sheria ya nchi yakataza: Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yapiga marufuku kuwashtaki watoto ulozi.

Eklezia hawafundishi watu kwamba shetani hayuko. Yuko, tena kila mkatekumeno ataulizwa siku ya Ubatizo wake kama anamkataa. Lakini kazi ambayo shetani huipenda kuliko nyingine ni kuwatenganisha ndugu na kuwatia hofu. Anayemkana kwa mdomo kanisani, na kumtumikia kwa kumchukia mama mkwe nyumbani, amemkana nusu tu.

IV. Chakula, maji na maagizo ya mganga

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chafundisha kwamba mganga aheshimiwe, kwa sababu Mungu ndiye aliyemwumba. Na kwamba dawa zimetolewa na Mungu katika nchi, mtu mwenye akili asizidharau. Sura ileile yamwagiza mgonjwa amwombe Mungu, kisha ampe mganga nafasi yake. Basi sala na dawa si maadui.

Kwanza, wazazi washike siku ya kurudi iliyoandikwa katika karatasi. Wengi hufikiri kwamba kwa kuwa uvimbe umekwisha, ugonjwa nao umekwisha. Sivyo. Mtoto wa bwaki aweza kuanguka tena katika majuma yanayofuata, na anguko la pili ni baya. Kwenye kituo cha afya hupimwa uzito, na mkono wake hupimwa kwa mkanda wenye rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono ulio chini ya sentimita 11.5 huonyesha rangi nyekundu, yaani hatari kubwa. Kati ya 11.5 na 12.5 ni rangi ya manjano, yaani onyo. Kuanzia 12.5 ni kijani.

Pili, kama mtoto amepewa vifuko vya chakula laini cha karanga na maziwa, hivyo ni dawa yake. Havigawiwi kwa watoto wengine, haviuzwi sokoni, wala baba hali. Mtoto ale kidogo kidogo, apewe na maji safi ya kunywa, kwa maana chakula hicho hutia kiu. Kama angali ananyonya, anyonye kwanza. Ziwa la mama linamfaa mtoto hata apite miaka 2, na katika miezi 6 ya kwanza ya maisha yake halihitaji kuongezwa kitu kingine, hata maji.

Tatu, mtoto ale si chini ya mara 5 kwa siku, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Awe na sahani yake mwenyewe, na mtu mkubwa aketi naye mpaka amalize. Kwenye sahani moja ya watu wengi, mwenye mkono mdogo hushindwa. Vyakula vinavyomfaa si vya kizungu wala vya tajiri: uji wa mtama au wa mahindi uliochanganywa na unga wa soya; maharage yaliyopikwa sana na kupondwa; sombe iliyotwangwa na kuiva vema, pamoja na karanga; ndagala au sambaza zilizokaushwa na kusagwa; yai; na kijiko cha mafuta ya mawese juu yake. Desturi ya kumpa baba nyama na mayai, na kumwachia mtoto mchuzi, haikutoka kwa Mungu. Baba Mkristu apunguze kwenye sahani yake aongeze kwenye ile ndogo, wala hatapungukiwa heshima.

Nne, maji ya kunywa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika, kabla ya kumlisha mtoto, na baada ya kutoka chooni. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, afunikwe vema usiku, kwa maana baridi ya mlimani humdhuru aliyedhoofika. Chanjo zake zikamilishwe, hasa ile ya surua, inayotolewa kuanzia miezi 9.

Tano, jamaa yote izijue dalili zisizongojewa hata asubuhi. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya. Mtoto anayetapika kila kitu. Mtoto aliyeshikwa na degedege. Mtoto anayelala mno na kuamka kwa shida: huyo na apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo miguu ikianza kuvimba tena. Asipitishwe kwanza kwa mfumu, asitiwe hirizi, wala asipewe dawa za mizizi tumboni. Njia ya mlimani ni ndefu, na saa zinazopotea kwa mfumu hazirudi.

V. Moyo wa mtoto na moyo wa jamaa

Mwili wa mtoto hautunzwi peke yake. Mtoto aliyekaa hospitali ameona sindano, amesikia wengine wakilia usiku, labda ameona wengine wakifa. Arudipo nyumbani aweza kulia bila sababu, kuogopa wageni, kumng'ang'ania mama asimwache hata aende mtoni. Watu husema amedekezwa. Asipigwe kwa ajili hiyo. Waganga wenyewe hufundisha kwamba mtoto anayepona bwaki ahitaji kuchezeshwa, kusemeshwa na kuimbiwa kila siku, robo saa hata nusu saa. Kwa namna hiyo akili na mwili wake hukua pamoja. Mtoto akicheka mara ya kwanza baada ya bwaki, mama hujua kwamba uzima umerudi. Kazi hiyo haina gharama, na nyanya huiweza kuliko wote.

Ndugu zake nao wakumbukwe. Kwa siku nyingi hawakumwona mama, walipika wenyewe, walikwenda kuteka maji. Sasa wanaona mdogo wao anapewa yai, nao wanapewa ugali. Wivu ukiwaingia, si ajabu. Ulimwingia hata ndugu mkubwa katika mfano wa Mwana Mpotevu, na baba yake alitoka nje kumsihi. Mama awaite, awashukuru kwa kazi waliyoifanya, awaeleze kwa nini mdogo wao anakula mara 5, tena awape kazi ndogo ya kumtunza. Mtoto aliyepewa sehemu katika kazi huona mdogo wake ni wake.

Lakini hatari kubwa iko kati ya mume na mke. Yeye aliyebaki nyumbani amechoka, na yeye aliyekaa hospitali amechoka. Deni liko. Hapo maneno mabaya huja upesi: mume humwambia mke kwamba mbuzi wamekwisha kwa sababu ya uzembe wake, mke hujibu kwamba mume hakuja kumtazama mtoto hata Jumapili. Baba mwingine huanza kwenda kwenye pombe, na franga za maharage huishia huko. Mwingine, alipokuwa peke yake, aliingia kwa mwanamke mwingine. Wenye kujiandaa kwa Ubatizo wasiache jambo kama hilo liozee moyoni. Waketi wawili, mlango umefungwa, watoto wamelala. Kila mmoja amwulize mwenzake: siku zile wewe ulipatwa na nini? Kisha amsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Deni lihesabiwe pamoja, na lilipwe kidogo kidogo: haba na haba hujaza kibaba. Aliyekosa aombe msamaha kwa jina la kosa lake, wala asijifiche nyuma ya maneno mengi.

Tena waseme juu ya watoto watakaokuja. Bwaki mara nyingi huja kwa mtoto aliyefuatwa upesi na mdogo wake. Wazee wa zamani walijua kuacha nafasi kati ya mtoto na mtoto, nao hawakukosea. Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, alifundisha kwamba wazazi wenye sababu za haki waweza kuacha nafasi kati ya uzazi, wakifuata majira ambayo Mungu ameyaweka katika mwili wa mwanamke. Jambo hilo lataka mume mwenye kujitawala. Mume asemaye kwamba hayo ni mambo ya wanawake, bado hajajifunza ndoa ni nini. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika mafundisho yake juu ya Eklezia ya mwaka 1964, uliiita jamaa ya Kikristu Eklezia ya nyumbani. Katika Eklezia hiyo baba hakuwekwa atumikiwe tu.

VI. Mtoto aliyebatizwa katika hatari

Mara nyingi mtoto wa wakatekumeno akiwa karibu kufa hubatizwa papo hapo hospitali. Eklezia yataka hivyo: mtoto mchanga aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia. Na kama Padri hayuko, mtu yeyote aweza kumbatiza, akiwa na nia ya kufanya afanyavyo Eklezia, akimmiminia maji na kutaja Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu kama mkatekumeno alivyofundishwa.

Ikiwa mtoto huyo ameishi, wazazi wafanye nini? Wamwarifu mwalimu na Padri upesi, wakitaja siku, mahali, jina alilopewa mtoto, na mtu aliyembatiza, ili jina liandikwe katika kitabu cha Ubatizo. Mtoto habatizwi mara ya pili, maana Ubatizo hutia alama isiyofutika. Siku iliyowekwa ataletwa kanisani, na Padri atatimiza sherehe zilizobaki: kumpaka Krisma, kumvika nguo nyeupe, na kuwasha mshumaa. Msimamizi wake ataahidi kusaidia.

Wengine husema kwamba maji yale ndiyo yaliyomponya, wakataka kuyatunza katika chupa kama hirizi mpya. Wasifanye hivyo. Mungu aweza kuuponya mwili pia, na ashukuriwe. Lakini Ubatizo ulimpa mtoto kitu kikubwa kuliko afya: ulimfanya mwana wa Mungu. Afya yaweza kupotea tena kwa homa moja. Uwana haupotei kwa homa.

Wazazi wake wangali katika mafundisho. Mtoto amewatangulia mlangoni, naye amesimama ndani akiwangoja. Basi wasichoke njiani, wala wasiache mafundisho kwa sababu ya deni na shamba. Ni nani atakayemfundisha mtoto yule kufanya Ishara ya Msalaba, ikiwa baba na mama wamebaki nje?

VII. Mfano wa jamaa moja takatifu

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu, aliyewekwa mwaka 1927 awe msimamizi wa misioni zote, naye alikuwa mtoto aliyeponea chupuchupu. Alizaliwa Alençon, nchi ya Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Mama yake, Zélie, alikuwa amekwisha kuzika watoto wanne. Teresia alipokuwa na miezi michache alidhoofika sana, na mama hakuweza kumnyonyesha. Mganga alisema hakuna njia nyingine ila kumpatia mtoto maziwa ya mwanamke. Alfajiri, Zélie aliondoka kwa miguu mpaka kijiji cha Semallé, kumwomba mwanamke mkulima, jina lake Rose Taillé, aje kumnyonyesha mtoto. Kisha ilimlazimu kumwacha mtoto huko kijijini. Alimpata tena nyumbani mwezi wa Aprili 1874, mtoto mwenye nguvu, lakini aliyezoea mikono mingine.

Zélie hakumwonea wivu Rose, wala hakudharau neno la mganga, wala hakuacha kusali. Alifanya yote matatu pamoja, akampokea mtoto, akamlea. Alikufa mwaka 1877, Teresia akiwa na miaka 4 tu. Lakini miaka ile michache ilitosha kuweka msingi. Tarehe 18 Oktoba 2015 Zélie na mume wake Louis walitangazwa kuwa watakatifu siku moja, mume na mke pamoja. Hawakuwa watawa. Walikuwa baba na mama waliotunza watoto wagonjwa, waliolipa madeni yao, waliozika na kulea.

MAULIZO

1. Yezu alipomfufua binti Yairo aliwaagiza watu nini?
Jibu: Aliwaagiza wampe chakula, kwa kuwa kazi inayowezekana kwa wazazi, Mungu huwaachia wazazi.

2. Je, bwaki huletwa na walozi?
Jibu: Hapana. Hutokana na chakula kisichotosha na kisichofaa, pamoja na magonjwa yanayomdhoofisha mtoto.

3. Anayekwenda kwa mfumu kumtafuta aliyemroga mtoto avunja amri zipi?
Jibu: Avunja amri ya kwanza, na akimsingizia mtu avunja ya nane, na mtu yule akiumizwa au akiuawa, yeye ana hatia katika amri ya tano.

4. Mtoto aliyetoka hospitali ale mara ngapi?
Jibu: Si chini ya mara 5 kwa siku, katika sahani yake mwenyewe.

5. Dalili zipi zataka mtoto arudishwe hospitali mara moja?
Jibu: Kutoweza kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, usingizi mzito usio wa kawaida, na miguu kuvimba tena.

6. Mtoto aliyebatizwa katika hatari abatizwa tena kanisani?
Jibu: Hapana. Jina lake laandikwa, na sherehe zilizobaki zatimizwa.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila baba aangalie kwa macho yake mwenyewe, siku moja nzima, mtoto wake mdogo amekula nini na mara ngapi. Jioni amwambie mke wake alichokiona, kisha wapange pamoja chakula cha kesho. Kama kuna mzee katika ukoo anayenong'onezwa ulozi, mmoja wao amchukulie sahani ya chakula mchana kweupe, watu wakiona.

SALA YA WAZAZI

Ee Bwana Yezu, uliyemshika mkono binti Yairo, umetupa tena mtoto wetu. Tulikuwa karibu kumpoteza. Utupe macho ya kuona njaa yake kabla ya ugonjwa, mikono isiyochoka kumlisha, na midomo isiyomsingizia jirani. Uibariki mikono ya waganga na ya Masista waliomtunza. Uwafariji wazazi waliorudi nyumbani bila mtoto. Nasi utufikishe kwenye Ubatizo, tupate kuwa nyumba moja mbele yako. Amina.